Kumsaidia Mtoto Mdogo Kuandika Jina Lake

Jina ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mtoto hutamani kuyaandika, kwa kuwa ni mali yake. Mkoani Tabora jambo hili lina historia. Katika karne ya 19 mji wa Tabora ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Wapagazi wengi waliandikiwa majina yao na watu wengine, kwa kadiri walivyoyasikia. Leo mtoto wa elimu ya awali, ambayo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima, anaweza kuliandika lake mwenyewe.

Maandalizi hutangulia penseli. Kufinyanga udongo, kupukuchua mahindi na kuchambua maharage huimarisha vidole. Baadaye mtoto huchora mistari na duara mchangani kwa kijiti, kisha hufuatisha herufi kubwa kwa umbo zilizoandikwa na mlezi, kutoka kushoto kwenda kulia.

Mtoto asikie sauti za jina kabla ya kuliandika. Wanyamwezi na Wasukuma huwaita pacha Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Doto ni jepesi: lina silabi mbili, do na to, na irabu moja inayojirudia. Katika Shija, herufi s na h huunda sauti moja, hivyo zifundishwe pamoja. Katika Kulwa, lwa ni silabi moja. Mtoto asiivunje kwa kuongeza irabu.

Herufi kubwa itumike mwanzoni tu. Mtoto aliyezoeshwa nyumbani kuandika jina lote kwa herufi kubwa hulazimika kujifunza upya darasani. Anayegeuza herufi asiadhibiwe, kwani hali hiyo ni ya kawaida katika umri huo, aoneshwe tena. Anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe kuubadili.

Mwisho, mzazi afundishe tahajia iliyomo katika cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Jina hilo ndilo litakaloingia katika rejesta ya darasa na usajili wa mitihani. Tofauti ya herufi moja huweza kumsumbua mwanafunzi miaka mingi baadaye, ilhali kuirekebisha mapema huhitaji kijiti na mchanga tu.