Kampeni za Kutetea Watu Weusi: Zile Zilitambulika, na Vile Utajua ni za Ukweli Kabla Utume Doh

Unakumbuka Jumanne ya 2 Juni 2020? Kama ulikuwa Instagram hiyo siku, uliona tu. Kila msee aliposti picha nyeusi tii. Mimi pia niliposti. Na sikuishia hapo, nilitumia akaunti fulani soo mbili, salio yote ilikuwa kwa M-Pesa, juu walisema wanachangia familia za wasee waliouawa na polisi. Wiki mbili baadaye akaunti ilikuwa imehepa. Soo mbili si doh mob, lakini iliniuma juu nilikuwa namaanisha.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma hizi risto za kampeni za watu weusi, ile hasa ya Marekani. Hii hapa ni ile niliyookota. Weka mahali, utaihitaji siku hashtagi ingine itawaka.

Zile za kitambo: kazi ilikuwa kwa miguu

Anza na Montgomery, Alabama. Rosa Parks alishikwa 1 Desemba 1955 juu alikataa kumpishia mzungu kiti kwa basi. Usiku huo huo, mwalimu anaitwa Jo Ann Robinson na kikundi cha akina mama wakachapisha makumi ya maelfu ya vikaratasi: Jumatatu hakuna mtu mweusi kupanda basi. Hiyo Jumatatu ikageuka siku 381. Watu walitembea, wengine wakapanga magari ya kubebana. Sisi mat ikiongeza mbao tunalia na bado tunapanda. Hawa walikaa zaidi ya mwaka mzima hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema ubaguzi kwa mabasi uishe.

Halafu kuna Black Panther Party. Wengi tunawajua na makoti meusi ya ngozi na bunduki. Lakini Januari 1969, ndani ya kanisa moja Oakland, California, walianza kupikia watoto breakfast ya bure kabla waende shule. Walipima watu ugonjwa wa selimundu pia, wakati hospitali nyingi hazikuwa zinaujali. Mpango ukaenea miji mingi. Breakfast ya serikali kwa shule za Marekani ilikuwa bado kwa majaribio, ikafanywa ya kudumu 1975.

Na hii ya tatu inatugusa moja kwa moja. 1959, Tom Mboya alikuwa anatafuta nauli ya kupeleka vijana wa Kenya vyuo vya Marekani. Waliosimama na yeye kuomba watu wachange walikuwa Jackie Robinson wa baseball, Harry Belafonte wa muziki na Sidney Poitier wa muvi. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, Wangari Maathai akaenda kupitia mpango huo huo. Kwa hivyo ukiskia mtu akisema mambo ya weusi wa Marekani hayatuhusu, mkumbushe kuna nauli walitulipia.

Tuzo zinazotambua hii kazi

NAACP, shirika lililoanzishwa 1909, hupeana Spingarn Medal tangu 1915. Jackie Robinson aliipata 1956, Martin Luther King Jr. 1957. Rosa Parks? 1979. Hesabu hiyo miaka. Mwanamke aliyewasha moto alingoja miaka 22 baada ya mhubiri. Belafonte naye alipata 2013. Jifunze hapo: tuzo inaweza kuchelewa, na kukosa tuzo haimaanishi kazi haikufanyika.

NAACP hao hao wako na Image Awards, ambazo zilianza 1967. Kuna tuzo ya rais wa shirika kwa maceleb wanaosaidia jamii. Rihanna aliibeba 2020, LeBron James 2021.

BET nao wako na Humanitarian Award. 2019 ilienda kwa Nipsey Hussle, miezi mitatu baada ya kuuawa nje ya duka lake Los Angeles. Watu wake hawakulia rapa pekee. Walilia msee aliyerudisha doh mtaani, akafungua biashara na nafasi ya vijana kufanyia kazi, badala ya kuhama akakuwa tajiri kwingine. 2020 Beyoncé ndiye aliyetambuliwa.

Nje ya Marekani, Black Lives Matter ilipewa Sydney Peace Prize 2017. Colin Kaepernick, yule wa kupiga goti wakati wa wimbo wa taifa 2016, alipewa tuzo ya Amnesty International 2018. Usisahau alikuwa ameahidi kupeana dola milioni 1 kwa vikundi vya mtaa, na akamaliza kuzilipa. Kazi ya NFL ndiyo hakuwahi kupata tena.

Utajuaje kampeni ni ya ukweli?

1. Iko na lengo unaweza kupima. Cheki CROWN Act. Wasichana weusi walikuwa wanafukuzwa shule na watu wazima wananyimwa kazi juu ya braids na dreads. Kampeni ikadai kitu kimoja: sheria inayokataza kubagua mtu juu ya nywele zake. California ilipitisha ya kwanza Julai 2019, na zaidi ya majimbo 20 yakafuata. Kwa bunge la taifa ilipita upande mmoja 2022, ikakwama Seneti. Unaona? Unaweza kusema wamefika wapi na wamebakisha wapi. "Tunaleta mabadiliko" peke yake si lengo, hiyo ni nyimbo.

2. Doh iko na njia inaonekana. Hapa ni ngori hata kwa wakubwa. Black Lives Matter ilianza 2013 na wanawake watatu, Alicia Garza, Patrisse Cullors na Opal Tometi, baada ya aliyemuua Trayvon Martin kuachiliwa. 2020 shirika lenye hilo jina lilichangiwa karibu dola milioni 90. Baadaye ikatokea limenunua nyumba ya karibu dola milioni 6 huko California, na watu wa mashinani wakaanza kuuliza maswali makali. Kumbuka vuguvugu ni mamilioni ya watu barabarani, shirika ni akaunti ya benki. Unaweza kuwa na la kwanza bila kufunga macho kwa la pili. Kuuliza ripoti ya pesa si kuchukia weusi.

3. Inakumbuka wale wanasahaulika. 2014, Kimberlé Crenshaw na wenzake walianzisha Say Her Name, juu wanawake weusi walikuwa wanauawa na polisi na hakuna anayejua majina yao. Kampeni poa huuliza: ni nani hajatajwa hapa?

4. Kuna kazi hashtagi ikizima. Zile picha nyeusi za 2020 zilitokana na wazo la wanawake wawili wa tasnia ya muziki, Jamila Thomas na Brianna Agyemang. Walitaka muziki usimame kidogo, wale wanaokula kwa jasho la weusi wajiulize maswali. Likatoka mkononi. Watu wakaweka picha chini ya hashtagi ya Black Lives Matter, na msee aliyekuwa anatafuta habari za maandamano akapata giza tupu. Sisi wote tulichangia hiyo.

5. Kampuni ikijiunga, cheki ndani. Tangazo la Februari, mwezi wa historia ya weusi, ni rahisi. Uliza wameajiri nani, wanalipaje, na nani anakaa kwa meza ya wakubwa.

Na hapa mtaani?

Machi 2020, kijana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwa balcony ya kwao Kiamaiko, karao wakisimamia curfew. Juni, wakati dunia inaandamana juu ya George Floyd, wakaazi wa Mathare nao walitoka barabarani na majina ya watu wao. Mathare Social Justice Centre walikuwa wameanza kuandika hayo majina miaka kadhaa kabla. Hakuna tuzo ya kumeremeta, hakuna red carpet. Ni daftari, mikutano na kufuata kesi kortini.

Sasa pima hao na yale maswali matano. Wanapita. Na wako mwendo wa nduthi moja kutoka tao, wakati mimi nilikuwa natumia soo mbili kwa akaunti sijui iko na nani.

Kwa hivyo next time roho ikikusukuma utume kitu, tuma. Usiwe mgumu juu ya wakora wachache. Lakini kwanza uliza jina, uliza lengo, uliza ripoti. Na kama huna doh, enda uketi kwa mkutano mmoja. Montgomery hawakuanza na doh, walianza na miguu.