Kutoka Tonto hadi Waragi: Historia ya Kukeneka Pombe ya Ndizi Nchini Uganda

Mwanafunzi akimwuliza mwalimu asili ya neno waragi, jibu litolewalo upesi ni kwamba neno hili limetoka katika Kiingereza. Husemwa kuwa Waingereza wa zamani za ukoloni walikiita kinywaji hiki jini ya vita, na kwamba wenyeji waliyachukua maneno yao mawili, lile la vita na lile la jini, wakayabana pamoja hata likazaliwa neno moja. Hadithi hii inapendeza, na imeandikwa mara nyingi. Sisi hatuikubali, na sababu zetu ni za lugha kabla ya kuwa za historia.

Tuwasikilize kwanza Waacholi na Walango wa kaskazini. Wao hukiita kinywaji hicho hicho arege, nao majirani zao wa upande wa Arua hukiita argi. Katika matamshi haya hakuna hata chembe ya neno la Kiingereza lenye maana ya vita. Kilichomo ni neno la Kiarabu ambalo huko Sudani hutamkwa aragi, nalo ni jina la kinywaji kikali kinachokenekwa kutokana na tende. Shina lake katika Kiarabu lina maana ya jasho. Mtu aliyewahi kuona mvuke ukigeuka kuwa matone juu ya ubaridi wa chungu, kisha matone yale yakiteremka moja moja, hatauliza kwa nini Waarabu walichagua jina hilo. Kwa hiyo neno limetoka kaskazini likishuka kusini, wala halikutoka katika baraza za maofisa wa Kiingereza.

Nani basi alilileta? Hapa historia inatusaidia bila shida. Mwaka 1878 Emin Pasha, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, alifanywa gavana wa jimbo la Equatoria chini ya serikali ya Misri. Askari wake wengi walikuwa Wasudani. Jeshi la Mahdi lilipouteka mji wa Khartoum mwaka 1885, jimbo lile lilikatika na ulimwengu. Mwaka 1889 Stanley alimchukua Emin akaenda naye pwani, lakini askari wengi walibaki nyuma pamoja na kiongozi wao Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaandika kazi. Walikuja mamia ya askari, na nyuma yao maelfu ya wake, watoto na wafuasi. Uzao wao ndio Wanubi tuwajuao leo, wa Bombo na miji mingine ya nchi yetu, na wa Kibera katika Nairobi.

Wanubi ni Waislamu, na dini yao yakataza kileo; hilo halina mjadala. Lakini mshahara wa askari ulikuwa mdogo, na kambini wanunuzi hawakukosekana. Wanawake wa kambi ndio waliokuwa mafundi wa kukeneka, na huko Kibera kinywaji chao kilijulikana mji mzima kwa jina la jini ya Wanubi. Tunaongeza jambo moja linaloihusu kazi yetu. Kiswahili nacho, ingawa kilikwisha kufika Buganda mapema pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, kilienezwa sana na majeshi, hata kikapewa jina baya la lugha ya askari. Lugha na kinywaji vilipitia lango moja la kambi. Lugha imesumbuka sana kujisafisha na lawama ile, na waalimu wenzetu wanajua jinsi ilivyosumbuka.

Askari wale walipofika katika nchi za ndizi hawakukuta tende. Walikuta pombe iliyokwisha kukamilika kwa ufundi wake yenyewe. Katika Buganda na Ankole, tangu zamani, ndizi za aina maalumu, ambazo Waganda huziita mbidde, hazipikwi wala haziliwi kwa starehe, kwa maana zina ukakasi. Hufukiwa shimoni au huwekwa juu ya moto mpaka ziive, kisha humenywa na kutiwa ndani ya mti mrefu uliochongwa mfano wa mtumbwi. Wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi kavu, nazo nyasi hukamata nyuzi na kuyaacha maji yatoke safi. Maji hayo ni matamu, na mtoto huyanywa bila madhara. Yakichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, unaokuja na chachu yake, yakafunikwa kwa majani ya mgomba siku moja au mbili, huwa tonto. Tonto ilikuwa pombe ya arusi, ya matanga, ya kumlipia mtu aliyekusaidia kulima, na ya kumheshimu mkwe. Haikai sana: siku chache tu nayo huchacha kabisa ikawa siki.

Udhaifu huo wa tonto ndio uliomfungulia mlango ufundi wa Wasudani. Pombe iliyokaribia kuharibika iliweza sasa kugeuzwa kuwa kitu kisichoharibika, kinachobebeka katika chupa moja badala ya mitungi mitatu. Njia kongwe ni ya chungu juu ya chungu. Pombe huchemshwa katika chungu kikubwa. Ndani yake, juu ya pombe, huwekwa chombo kidogo. Na mdomo wa chungu hufunikwa kwa bakuli lenye maji baridi, mianya ikizibwa kwa udongo. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi, na maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo kileo hutangulia kupanda. Mvuke hugonga chini ya bakuli, hutoka jasho, na jasho hudondoka chomboni. Baadaye yakaja mapipa ya mafuta na mabomba ya shaba yapitishwayo katika maji, na kazi iliyokuwa ya jikoni ikawa ya kando ya kinamasi, penye maji mengi na macho machache. Kilichopatikana Waganda walikiita enguli.

Macho machache yalitakiwa kwa sababu kukeneka kulikuwa kosa tangu mwanzo. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, ambayo hukumbukwa zaidi kwa kupiga vita biashara ya utumwa, yalikuwa na sehemu nzima juu ya vileo vikali katika Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 ulikwenda mbali zaidi: ulikataza kutengeneza vinywaji vya kukenekwa katika eneo kubwa la Afrika, na hata kuingiza au kumiliki vyombo vya kazi hiyo. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda Mwafrika. Lakini Mzungu hapa hapa Uganda aliendelea kunywa wiski yake iliyokuja kwa meli na kulipiwa ushuru, hali Mwafrika alikatazwa vinywaji vikali hadi miaka ya 1950. Ulinzi wa namna hii hauwezi kutenganishwa na ushuru, wala na hofu ya mtawala kwa mtawaliwa aliyelewa.

Uhuru ulipatikana mwaka 1962, na wengi walitazamia kwamba sheria hiyo ingeondoka pamoja na bendera. Haikuwa hivyo. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliruhusu kukeneka kwa mwenye leseni tu, naye alitakiwa auze enguli yake kiwandani, ikasafishwe huko na kutiwa katika chupa yenye jina la Uganda Waragi. Tuangalie vizuri kilichotendeka. Jina lililozaliwa kambini, likalelewa vinamasini na kufukuzwa na polisi kwa miaka sabini, lilipandishwa juu ya lebo na kuwa fahari ya taifa; na yule mama aliyelihifadhi jina hilo alibaki vile vile mhalifu, au kwa uzuri wake muuza malighafi. Sheria hiyo haikusimamiwa sana. Watu waliendelea kukeneka, na kwa fedha hizo karo zililipwa. Wamo miongoni mwetu waliofika chuo cha ualimu kwa fedha za pipa, nasi hatuoni sababu ya kuwaficha mama zetu.

Majirani walipita njia inayofanana na yetu. Tanzania ilitunga mwaka 1966 sheria juu ya kinywaji kiitwacho moshi, ambacho watu hukiita pia gongo. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, ikaja kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2010. Katika Rwanda kanyanga, ambayo hukenekwa kutokana na pombe ya ndizi kama yetu, imehesabiwa na sheria pamoja na dawa za kulevya. Mbali na hapa, New Zealand iliruhusu mwaka 1996 raia akeneke nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, na huko jambo hili ni uraibu wa jioni, kama kufuga samaki wa mapambo. Neno hili uraibu lina maana mbili katika lugha yetu, yaani jambo lifanywalo kwa kujifurahisha na mazoea ya kileo yasiyoachika. Wazee walioziweka maana hizo mbili ndani ya neno moja walikuwa na busara.

Hatuandiki haya ili tukisifu kinywaji. Mwezi wa Aprili mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, watu wapatao themanini walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Wengi walilaumu mapipa ya vijijini, na lawama hiyo yahitaji kupimwa. Ni kweli kwamba matunda, kwa ajili ya pektini iliyomo ndani yake, hutoa methanoli kidogo yanapochacha, na tonto haikuepuka jambo hilo. Ni kweli pia kwamba methanoli huchemka kwenye nyuzi 65, na kwa hiyo mafundi wengi huamini kuwa wakimwaga matone ya kwanza wameimwaga sumu yote. Imani hii si sahihi, maana katika chombo cha kawaida vileo hivi havitengani vizuri hivyo. Lakini kiasi kinachotokana na ndizi ni kidogo mno kuua kijiji. Vifo vya halaiki hutokana na methanoli ya viwandani, itengenezwayo kwa kazi nyingine kabisa, ambayo mchuuzi huinunua kwa bei ya chini na kuiongeza kwenye mitungi ili apate faida. Huyo si fundi wa kukeneka. Huenda hajawahi kuwasha moto chini ya chungu. Mafundi wenyewe, kwa kuwa kazi yao ilikatazwa, hawakupata chama wala shule wala mpimaji, na mnunuzi hana njia ya kumtofautisha mama wa kinamasini na mchuuzi wa sumu. Jaribio la kienyeji ni kumimina kidogo na kuwasha kiberiti. Ikiwaka, husemwa ni kali na ni safi. Methanoli nayo huwaka.

Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi ya fomi, ambayo hushambulia neva ya jicho kabla ya kuua. Ndiyo sababu mgonjwa hulalamika kwamba haoni vizuri, saa nyingi baada ya kunywa, wakati ambapo wenzake wanadhani ni uchovu wa ulevi tu. Akifikishwa hospitali mapema aweza kuokolewa, na moja ya dawa zitumikazo ni ethanoli yenyewe, ipimwayo na daktari, kwa kuwa huizuia ile nyingine isigeuke. Lakini ni sharti kwanza aseme amekunywa nini na amekinunua kwa nani, na penye faini na kifungo si kila mtu husema.