Mipira 21 ya Yutaka Enatsu

Osaka, Novemba 4, 1979. Mvua ya rasharasha inanyesha. Mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali ya besiboli ya Japani umefika awamu ya tisa. Hiroshima Carp wanaongoza 4 kwa 3 na hawajawahi kutwaa ubingwa wa nchi. Wapinzani wao, Kintetsu Buffaloes, wamejaza vituo vyote vitatu, na hakuna hata mmoja aliyetolewa.

Anayerusha ni Yutaka Enatsu. Anageuza macho pembeni na kuona warushaji wengine wa Carp wakipasha misuli. Roho inamuuma. Ameletwa kwa ajili ya saa kama hii, na benchi limeshaanza kuandaa mbadala!

Uchungu ule ulikuwa na historia. Mwaka 1968, akiwa kijana wa Hanshin Tigers, Enatsu aliwatoa wapigaji 401 kwa kukosa mara tatu, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa Japani. Alipoifikia rekodi ya zamani ya 353, aliyemtoa alikuwa Sadaharu Oh, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote. Enatsu akataka rekodi mpya nayo ipatikane kwa Oh huyohuyo, basi wengine akawatoa kwa njia nyingine hadi zamu ya Oh iliporudi. Akamtoa tena. Kwangu, hakuna kisa kinachomweleza vizuri zaidi.

Lakini mkono huchoka. Tigers walimwachia Nankai Hawks, naye akaanza kuzijua barabara za kuhama. Huko kocha Katsuya Nomura alimshawishi aache kuanza mechi, awe wa kuingia mwishoni kuulinda ushindi. Zama zile mrushaji mkubwa aliiona kazi hiyo kama kushushwa cheo. Nomura akamwambia ni mapinduzi. Alikubali, na mwaka 1978 akahamia Hiroshima akiwa na kasi ndogo na akili nyingi.

Turudi kwenye mvua. Sachio Kinugasa, mlinzi wa kituo cha kwanza, alimsogelea Enatsu akamwambia kwamba Enatsu akiacha, yeye naye ataacha. Naamini maneno hayo yaliamua fainali. Mtu aliyejiona ametupwa alipata mwenzake.

Akamtoa mpigaji wa kwanza. Aliyefuata, Shigeru Ishiwata, akajaribu hila: auguse mpira kidogo tu kwa gongo, huku mwenzake wa kituo cha tatu akiwa ameshachomoka kukimbilia nyumbani. Mkono wa Enatsu ulikuwa tayari hewani, vidole vimeushika mpira wa kupinda. Akaupeleka nje, mbali na gongo. Ishiwata akakosa, mkimbiaji akanaswa. Muda mfupi baadaye Ishiwata mwenyewe akatolewa. Mipira 21 kwa awamu nzima, na Carp mabingwa.

Enatsu alihama tena. Mwaka 1981, akiwa Nippon-Ham Fighters, akawa wa kwanza kuchaguliwa mchezaji bora katika ligi zote mbili za Japani. Katika klabu ya tano, Seibu Lions, alikaa msimu mmoja tu, 1984. Alikuwa na ushindi 206 na mechi 193 alizoziokoa mwishoni.

Januari 1985 aliagwa katika uwanja mdogo wa Tama, nje kidogo ya Tokyo. Kisha, akiwa na miaka 36, akapanda ndege kwenda Arizona kujaribiwa na Milwaukee Brewers. Walimwachia kabla ligi haijaanza.