Jua Linawaka Chewele, Kumbe Maji Yako Njiani

Kila mafuriko yakitupiga, marafiki zangu wa Nairobi huniuliza: "Kwani nyinyi hamwoni mvua ikinyesha mkahama?" Wasee, hatuioni. Chewele, kule Bura, Tana River, ni nchi kavu. Mvua inayotuzamisha hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, mamia ya kilomita kutoka kwetu, kisha inateremka na mto kwa siku kadhaa. Unaweza kuwa umeanika nguo juani, kumbe maji yatakayolala ndani ya nyumba yako tayari yamefika Garissa.

Kwa hivyo historia ya mafuriko yetu ni historia ya swali moja: nani alijua, na alimwambia nani?

Zamani waliojua ni wazee. Mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, mvua ndefu na mvua fupi. Maji yakirudi nyuma, Wapokomo walipanda kwenye tope lile. Waorma nao walileta ng'ombe mtoni kiangazi, wakaondoka kabla mto haujapanda. Ile ilikuwa modeli kamili ya mazingira, ila ilikaa kichwani mwa mtu.

Halafu yakaja mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga ndiyo tangi kubwa linalotunza maji ya wengine. Kuanzia hapo kalenda ya wazee ikaanza kudanganya, kwa sababu mto sasa ulifuata mvua na bwawa pia. Masinga ikipita mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, imejaa. Maji yanayozidi lazima yateremke. Tuliyaona mafuriko ya El Niño ya 1997, tukayaona tena 2018, 2023 na 2024.

Na ujuzi nao ukagawanyika. Mvua iko kwa Idara ya Hali ya Hewa. Kina cha mto kiko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mabwawa yako kwa KenGen. Kila mmoja ana daftari lake na hesabu zake. Lakini maji hayajui mipaka ya ofisi.

Mwaka 2018 bibi yangu alihama usiku, kuku akawaacha juu ya paa. Aliyemwamsha ni jirani, na jirani alikuwa amepigiwa simu na mwanawe aliyeko Garissa: "Mama, mto umepanda huku, tokeni." Basi hiyo ndiyo iliyokuwa mitambo yetu ya kuunganisha taarifa. Simu ya mtoto wa jirani.

Sasa sikia kitu kitamu. Mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipozinduliwa hapa Kenya, muungano wa kimataifa wa OGC ulitoa kanuni za kufanya modeli ziwe huduma za wavuti. Wazo ni lilelile la Paybill. Duka halihitaji kujua ndani ya benki kuna nini. Linatuma ombi, linapata jibu. Vivyo hivyo modeli ya mvua inaweza kukaa kwenye kompyuta yake, ikapeleka majibu yake kwa modeli ya mto, na ya mto ikapeleka kwa ramani inayoonyesha kijiji gani kitaloa. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake daftari. Wanaulizana tu, kwa lugha moja.

Na si ndoto. Mfumo wa GloFAS wa Ulaya, ulioanza kazi rasmi 2018, huchukua utabiri wa mvua, huupitisha kwenye modeli ya mito ya dunia nzima, na hutoa matokeo bure mtandaoni. Tana imo. Yaani kompyuta ya Ulaya inaweza kuona dalili za mafuriko yetu kabla bibi hajasikia lolote.

Lakini hapa ndipo ninapokataa kushangilia. Modeli ya dunia haiwezi kujua leo asubuhi kumeamuliwa nini kule bwawani. Hilo linajulikana hapa nyumbani. Maoni yangu: kina cha mabwawa na vipimo vya mto vitolewe kila siku kama huduma ambayo programu yoyote inaweza kuiuliza, bila barua, bila kupigwa foleni. Mto ni wa umma, na habari zake ziwe za umma.

Kisha kuna hatua ya mwisho, ile ambayo hakuna kanuni ya OGC inayoifikia. Ramani nzuri isiyosomeka na bibi ni picha tu. Onyo lifike kwa Kiorma, Kipokomo, Kisomali, Kimunyoyaya, kwenye redio na kwa chifu, likisema lini na hadi wapi, si "wakazi wahamie maeneo ya juu." Juu wapi, jamani? Kwetu ni tambarare.

Nyinyi mnaosomea programu hapo mjini, kazi ndiyo hii. Mtoto wa jirani hawezi kukesha Garissa milele.