Eaglehawk Neck: shingo ya nchi iliyolindwa kwa mbwa

Kilomita 75 hivi kutoka Hobart, mji mkuu wa jimbo la Tasmania nchini Australia, barabara huteremka hadi pwani na ghafla nchi ikabanwa na maji pande zote mbili. Kushoto ni bahari kuu inayopiga mawimbi usiku na mchana, kulia ghuba iliyotulia. Katikati umebaki ukanda wa mchanga ambao mahali pake pembamba kabisa hapafiki mita 100. Hapa ndipo Eaglehawk Neck, mlango pekee wa nchi kavu wa kuingilia Rasi ya Tasman. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza, aliyeushika mlango huo alikuwa ameishika rasi nzima.

Gavana George Arthur alilijua hilo. Kisiwa kizima, ambacho wakati huo kikiitwa Van Diemen's Land, kilikuwa kikipokea wafungwa kutoka Uingereza na Ireland, wengi wao wezi wa vitu vidogo vidogo. Hadi usafirishaji ulipokomeshwa mwaka 1853, zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameshushwa huko. Port Arthur, iliyoanza mwaka 1830 kama kambi ya kukata mbao kusini mwa rasi, ikawa mahali pa kuwatia adabu waliofanya makosa mengine baada ya kufika koloni. Ukuta wa kuizunguka rasi haukuhitajika. Kilichohitajika ni kuilinda ile shingo.

Kazi hiyo haikuwa rahisi kama inavyoonekana kwenye ramani. Ofisa mmoja kijana, Peyton Jones, aligundua kwamba ngurumo za mawimbi ziliwazuia walinzi kusikia nyayo za mtu anayenyemelea gizani. Akaamua kupanga mbwa wakali kukata shingo kutoka maji hadi maji, kila mmoja kwenye mnyororo wake, wakikaribiana kiasi kwamba mtu hapiti katikati yao, ila wao wenyewe wasiweze kung'atana. Akasimamisha taa, na chini akamwaga makombe ya baharini ili mwanga uakisi na kivuli chochote kionekane. Mbwa wengine waliwekwa juu ya majukwaa ya mbao ndani ya maji, kwa ajili ya watakaojaribu kuzunguka kwa kuogelea. Na juu ya hayo yote, ikaenezwa habari kwamba maji yale yamejaa papa. Kwa maoni yangu, uvumi huo ulifanya kazi kubwa kuliko mbwa, maana wafungwa wengi hawakujua kuogelea hata kidogo.

Watoro hawakukosekana. Inasimuliwa kwamba mmoja, Billy Hunt, alijivika ngozi ya kangaruu na kuanza kurukaruka kuelekea upande wa pili. Askari wenye njaa wakamlenga bunduki wapate kitoweo, naye akalazimika kupiga kelele kwamba yeye ni binadamu. Kisa cha Martin Cash kina ushahidi zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1842, yeye na wenzake wawili, Lawrence Kavenagh na George Jones, waliogelea kuvuka ghuba wakiwa wamefunga nguo zao kichwani. Mawimbi yakazichukua. Watatu hao wakatokea ng'ambo uchi, lakini wakiwa huru, wakaishia kuwa majambazi wa porini. Jones alinyongwa, ila Cash alikufa kitandani kwake mwaka 1877, mwaka uleule Port Arthur ilipofungwa.

Mwendo mfupi kaskazini mwa Eaglehawk Neck, maji yakipwa, hujitokeza sakafu ya mawe ambayo mgeni anaweza kuapa kwamba ilitandikwa na wafungwa hao. Mistari imenyooka, pembe zimekaa sawa, kama kazi ya fundi mwenye timazi. Mkono wa mtu haupo. Ni mwamba wa tope lililoganda mamilioni ya miaka iliyopita, ukapasuka kwa mistari ulipobanwa na misukosuko ya ardhi. Penye kukauka kwa muda mrefu, chumvi humega uso wa jiwe, vipande vikabonyea katikati na kingo zikabaki zimeinuka. Karibu zaidi na maji, mawimbi yenye mchanga huzila zile nyufa zenyewe, na kila kipande huvimba juu kama boflo.

Zaidi kusini kuna tao la Tasman Arch na nguzo za mawe za Cape Raoul na Cape Pillar, zilizopangana wima juu ya bahari. Zinapendeza sana kwenye picha. Kwa mfungwa, hizo zilikuwa nyuma ya gereza: huko hapakuwa na pa kushukia.

Gereza lenyewe halistahili kupitwa kwa mzaha wa kangaruu. Ng'ambo ya bandari, Point Puer, walifungiwa watoto wa kiume kuanzia mwaka 1834 hadi 1849. Baadaye likajengwa jengo la vyumba vya upweke, ambako mfungwa alikatazwa kusema na alifunikwa uso kila alipotolewa nje. Waliokufa walizikwa kwenye kisiwa kidogo hapo hapo bandarini.

Baada ya gereza kufungwa, moto wa msituni uliteketeza majengo mengi mwaka 1895 na 1897. Watalii walikuwa wamekwisha kuanza kuja, baadhi yao wakitembezwa na wafungwa wa zamani. Mwaka 1996 mtu mwenye bunduki aliwaua watu 35 hapo na katika maeneo ya jirani, na Australia ikabadilisha sheria zake za silaha. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza Port Arthur katika orodha ya urithi wa dunia.

Anayekwenda aangalie kwanza jedwali la kupwa na kujaa. Maji yakijaa, ile sakafu ya mawe haionekani.