Undugu wa Debe la Mafuta

Soko la Mwanjelwa mjini Mbeya linajua debe kama kipimo cha mahindi na maharage, na ugomvi wake ni ule ule wa siku zote: limejaa au halijajaa. Kabla ya kuingia sokoni, debe lilikuwa chombo cha mafuta. Petroli na mafuta ya taa viliingia Afrika Mashariki katika makopo ya bati ya galoni nne, mawili kwa kila sanduku la mbao. Miaka ya 1920 rubani aliyekatiza Tanganyika kwa ndege ndogo alihitaji madebe hayo yamtangulie. Yalisafirishwa kwa reli, kwa lori au vichwani mwa wapagazi hadi kwenye uwanja uliofyekwa porini. Akifika, petroli ilimiminwa debe moja moja, ikichujwa kwa kipande cha ngozi laini ili maji na uchafu visiingie kwenye injini.

Undugu wa marubani wa zamani ulianzia hapo. Katika nchi isiyo na redio ya kuongozea ndege wala taarifa za hali ya hewa, aliyetua jana ndiye aliyejua kama uwanja umeloa na kama mafuta bado yapo. Rubani mkorofi asiyeelewana na wenzake alikuwa akijihatarisha mwenyewe.

Viwanja vyenyewe vilikuwa na historia ya jasho. Mwaka 1919 vikosi vya Waingereza vilikuwa vikipima na kufyeka njia ya anga kutoka Cairo hadi Cape Town. Kwa upande wetu njia ilipita Mwanza na Tabora, ikaenda Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kisha Ndola. Ndola pekee watu wapatao 700 walitumia miezi mitano kubomoa vichuguu, na udongo walioubeba ulikadiriwa kuwa tani 25,000. Vitabu vya usafiri wa anga vinawataja marubani kwa jina na cheo, lakini majina ya wale 700 ni vigumu kuyapata.

Tabora ilijipatia sifa mbaya mapema. Februari 1920 ndege kubwa aina ya Vickers Vimy, iliyofadhiliwa na gazeti la The Times la London, ilianguka pale na safari ikaishia hapo. Miaka minane baadaye ikawa zamu ya Lady Mary Bailey, mama wa watoto watano, aliyeondoka London peke yake Machi 1928 kwa ndege ndogo ya de Havilland Moth. Alifika Tabora Aprili, akatua vibaya, na ndege ikavunjika. Mumewe, Sir Abe Bailey, tajiri wa migodi ya Afrika Kusini, alimpatia Moth nyingine. Ilirushwa kutoka kusini hadi Tabora, naye akaendelea na safari, akafika Cape Town mwisho wa mwezi ule ule.

Fedha za mume zilisaidia, hapana ubishi. Lakini Bailey asingefika hata Tabora bila msaada wa rubani mwenzake. Wakuu wa Kiingereza walikataa mwanamke avuke Sudan peke yake angani, wakaizuia ndege yake Cairo. Wakati huo huo Lady Mary Heath alikuwa akielekea kaskazini akitokea Afrika Kusini, na kizuizi kilikuwa kile kile. Aliyewavusha wote wawili ni Luteni Dick Bentley wa Afrika Kusini, aliyekuwa safarini na mkewe. Alimsindikiza Heath hadi Khartoum, kisha akageuza ndege na kurudi kusini akiwa na Bailey. Hesabu ya mafuta aliyochoma kwa ajili ya safari za watu wengine ingemtia rubani yeyote wa leo kizunguzungu.

Nairobi ndiko urafiki huo ulikopata nyumba. Klabu ya marubani wa Afrika Mashariki ilianzishwa huko mwaka 1927. Kabla ya hapo, John Carberry alikuwa ameshusha bandarini Mombasa ndege ya mabawa mawili, moja juu na moja chini, aina ya DH.51, iliyokuja kuwa ndege ya kwanza kusajiliwa Kenya. Wakaiita Miss Kenya. Ilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa, akiwemo Tom Campbell Black, aliyeungana na Florence Wilson kuanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Mwaka 1965 Miss Kenya ilirudishwa Uingereza ndani ya tumbo la ndege ya jeshi. Ilikarabatiwa, na sasa iko katika mkusanyiko wa Shuttleworth, Old Warden, ambako bado inapaa.

Nyanda za Juu Kusini ziliingia kwenye ramani hiyo Januari 1932, shirika la Imperial Airways liliporefusha safari zake hadi Cape Town. Njia mpya iliiacha Tabora ikapita Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na Mpika. Abiria wa London walilala Mbeya, mji mchanga uliochangamshwa na dhahabu ya Lupa kule Chunya, kisha wakapanda tena alfajiri. London hadi Cape Town zilikuwa siku 11.

Uwanja wa Mbeya haukuwa mtihani rahisi. Ulikaa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mlima Loleza ukiwa jirani. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiipasha moto inazidi kuwa nyepesi. Mabawa hayashiki vizuri, injini inapoteza nguvu, na ndege inadai uwanja mrefu zaidi kabla ya kupaa. Ndege za Hercules za injini tatu zilizoanza na njia hiyo zilipokewa mwaka 1933 na Atalanta za injini nne, zilizobuniwa hasa kwa viwanja vya joto na mwinuko kama huo.

Neema haikudumu. Mwaka 1937 Imperial ilileta ndege kubwa za kutua majini, nazo zikafuata maji: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Mbeya haina bahari. Ndege za ulimwengu zikahama, na anga la kusini likabaki kwa ndege ndogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, East African Airways iliyoanzishwa mwaka 1946 ilianza na Dragon Rapide sita, ndege za mbao na kitambaa, kabla ya kuleta DC-3.

Novemba 2016 baadhi ya ndege za zama hizo zilirudi. Zaidi ya ndege kumi za kale, zikiwemo Tiger Moth, Stearman na Travel Air, ziliondoka kisiwa cha Krete kuelekea Cape Town katika mbio zilizoitwa Vintage Air Rally. Zilitua karibu na mapiramidi ya Giza. Gambela, Ethiopia, marubani walizuiliwa siku mbili kwa mzozo wa vibali. Walipita Kenya na Tanzania, wakamaliza safari Desemba. Bailey na Bentley wangeicheka hadithi ya Gambela: karibu miaka tisini imepita, na afisa mwenye karatasi bado ni kikwazo kuliko mawingu.

Waliobaki na mazoea ya zamani, hata hivyo, si matajiri wa mbio. Ni wale wanaorusha Cessna kwenda viwanja vya udongo, kama walivyofanya wamisionari wa shirika la MAF kwa miaka mingi: marubani wa watalii wanaotua Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mkoani Iringa. Petroli ya ndege za pistoni ni adimu nje ya miji mikubwa, na mara nyingi husafirishwa kwa pipa, kama debe lilivyosafirishwa. Abiria wengi wa Mbeya sasa hutua Songwe, uwanja uliofunguliwa Desemba 2012, na wa Iringa hutua Nduli. Lakini Msembe hakuna mnara wa kuongoza ndege. Rubani hupita kwanza chini chini kufukuza swala na twiga, macho yakiwa kwenye mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo. Kabla ya hapo amekwisha kutamka redioni jina la kiwanja, kimo anachorukia na upande anakotokea, akanyamaza kidogo kusikiliza kama kuna mwenzake anayeshuka.