Muuguzi Aliyewarudisha Watoto Darasani

Katika somo letu la juma hili tutazame mji wa New York, Marekani.

Tangu mwaka 1897 madaktari wa mji ule waliwakagua watoto shuleni. Mwenye chawa, choa au ugonjwa wa macho alirudishwa nyumbani. Je, huko alitibiwa na nani? Mara nyingi hakutibiwa na mtu. Wazazi wengi walikuwa maskini na wageni wa nchi. Septemba 1902 watoto 10,567 walirudishwa.

Bibi Lillian Wald, aliyeongoza nyumba ya wauguzi, akashauri lifanywe jaribio la mwezi mmoja. Oktoba 1902 muuguzi Lina Rogers alipewa shule nne. Aliwatibu watoto pale pale shuleni, kisha akaenda majumbani kuwaelekeza akina mama. Jaribio likafaulu, na mji ukaajiri wauguzi zaidi. Septemba 1903 waliorudishwa walikuwa 1,101 tu.

Lakini afya peke yake haimpi mtu riziki. Wasichana wa miaka 14 hivi waliingia viwandani bila ufundi wo wote. Mwaka ule ule wa 1902 raia wenye moyo walifungua shule ya kuwafundisha ushonaji wa nguo na kofia. Mwaka 1910 halmashauri ya elimu ikaichukua iwe yake.

Basi wewe uliye mjumbe wa halmashauri ya shule, usiulize tu, "Wameandikwa wangapi?" Uliza pia, "Tuliowarudisha kwa ugonjwa wako wapi, na wanaomaliza wanaweza kazi gani?"